Fisi Maji Hulala Nchi Kavu

Hotuba hii niliitoa mbele ya jumuiya ya watumia maji ya kijiji kimoja kando ya mto unaomwaga maji Ziwa Viktoria. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza marudio, na mwishoni nimeweka maswali mawili yaliyoulizwa.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, habari za asubuhi. Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, ndugu viongozi wa jumuiya, bwana afisa mazingira, itifaki imezingatiwa. Naomba niingie kwenye jambo lenyewe kabla jua halijatukalia utosini.

Nimeombwa nizungumze juu ya fisi maji. Mwenyekiti amenidokeza kwamba wapo waliokuja kunisikiliza huku wamekasirika, hasa wavuvi, na nawaelewa. Bei ya wavu siku hizi si ya kuchezea. Suala la nyavu nitalifikia, sitalikwepa. Lakini kuna jambo moja lazima tukubaliane kwanza, maana bila hilo mengine yote hayatakaa sawa.

Sisi fisi maji tunamwona majini. Tunaona kichwa, sharubu, mgongo unaopinda na kuzama, halafu mapovu, basi, ametoweka. Kwa hiyo imetukaa kichwani kwamba huyu ni wa majini, na maadamu mto una maji na samaki, yeye yupo na ataendelea kuwepo. Sivyo. Majini anaenda kutafuta riziki. Akishiba anatoka. Analala nchi kavu, anazaa nchi kavu, anajikausha nchi kavu, na habari zote anazopelekeana na wenzake anaziacha nchi kavu, kwenye ule ukanda mwembamba wa mawe, mizizi na matete ulio kati ya maji na mashamba yetu. Ukanda ule ukiondoka, mto utabaki na maji yake na fisi maji hutamwona. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Tuwajue wenyewe kwanza. Huku kwetu wako wa aina mbili. Yupo mkubwa asiye na kucha, kwa kawaida ana kilo 12 hadi 18, mweupe kuanzia kidevuni mpaka kifuani. Huyu ni mla kaa. Vidole vyake vya mbele havina kucha wala utando, na anavitumia kupekua chini ya mawe na ndani ya tope. Ukibahatika kumwona kwenye maji ya magotini, utakuta kichwa kiko juu kinatazama pembeni huku mikono inafanya kazi chini, inapapasa na kupapasa mpaka kaa apatikane. Halafu yupo mdogo mwenye madoa shingoni, kilo 4 hadi 6 hivi, mwenye kucha na utando miguu yote minne. Huyu ni wa samaki, tena samaki wadogo, wengi hawafiki sentimita 20. Anawinda kwa macho, kwa hiyo maji yakichafuka tope siku nzima, kazi yake inakuwa ngumu. Ndiye anayeonekana sana kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, na ndiye mwenye ugomvi na nyavu. Wote wawili si ukoo wa fisi hata kidogo, ni jamaa za nyegere na kicheche. Na wote wawili wako kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya wanyama wanaokaribia kuingia hatarini.

Kwa nini basi ahangaike kutoka majini? Kwa sababu ya baridi. Nyangumi ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Fisi maji hana. Kinga yake yote ni manyoya: ya juu marefu, ya chini mafupi na yamesongamana kiasi kwamba yanashika hewa na maji hayafiki kwenye ngozi. Manyoya yakichafuka au yakichoka kwa kulowa, hewa inatoka na baridi inaingia. Ndiyo maana kila akitoka anajiviringisha kwenye nyasi au mchanga, anajifuta huku na huku, anajilamba. Mkikuta karibu na maji nyasi zimelazwa duara na mchanga umeparurwa, msiseme ndama alilala pale mpaka mtazame vizuri.

Sasa malazi. Watu huniuliza nyumba ya fisi maji iko wapi, na jibu ni kwamba hana nyumba moja. Kule Scotland watafiti waliwafunga fisi maji wa Ulaya vifaa vya redio wakawafuatilia, wakakuta mnyama mmoja ana sehemu nyingi za kulala kando ya mto ule ule. Leo yuko hapa, kesho amelala kilomita kadhaa mbele, kesho kutwa amerudi. Dume mmoja kule anaweza kuwa na eneo la mto la kilomita 20 hadi 40, na huwezi kumtegemea arudi shimo moja kila alfajiri kutoka umbali huo. Anachohitaji ni kwamba popote usingizi au hofu itakapomkuta, pawe na mahali pa kujificha karibu.

Na mahali penyewe si pa ajabu. Mkuyu ulioota ukingoni, maji yakala udongo chini yake, mizizi ikabaki inaning'inia: pale ndani kuna chumba. Nyufa za miamba. Shimo la mnyama mwingine aliyehama. Kwenye kingo za mchanga yule asiye na kucha huchimba mwenyewe, lakini mara nyingi anaingia palipo tayari. Mengine si mashimo hata kidogo, ni matete au mafunjo yaliyokandamizwa katikati ya kichaka kinene, hapo juu ya ardhi, na mtu anaweza kupita hatua tatu pembeni asione kitu. Wale wanaovua baharini kwenye pwani ya Tsitsikamma, Afrika Kusini, hulala karibu na vijito vya maji baridi, kwa sababu chumvi inaharibu manyoya na lazima wajisuuze. Sisi shida hiyo hatuna, lakini inaonyesha kwamba mnyama huyu hachagui kitanda ovyo. Anatazama kificho, chakula na maji safi kwa pamoja.

Pango la kuzalia ni habari nyingine kabisa. Jike akikaribia kuzaa anajitenga. Kwa fisi maji wa Ulaya, ambao wamechunguzwa kwa muda mrefu, mara nyingi huchagua kijito cha pembeni au mahali mbali kidogo na mto mkuu, na watoto hukaa ndani majuma manane hadi kumi kabla hawajaanza kutoka na mama. Wakati wote huo pale mlangoni hapana dalili. Hapana kinyesi, hapana harufu aliyoiweka makusudi. Likumbukeni hili, kwa sababu sasa nakwenda kuwaambia kwamba kila mahali pengine fisi maji anaacha kinyesi kwa makusudi.

Vijana, chekeni mmalize, halafu tuendelee.

Chakula kinapita tumboni mwa fisi maji kwa saa chache tu. Anakula sana, anaenda haja mara nyingi. Mnyama mwingine angemwaga popote akaondoka. Huyu anabana na kugawa: kidogo kwenye jiwe hili, kidogo kwenye mzizi ule, na wakati mwingine ni tone tu la ute ambalo halina mabaki ya chakula ndani yake. Mnyama hasumbuki kupanda jiwe ili aache tone moja kama anachotaka ni kujisaidia tu. Na sehemu anazochagua ni zile zile, miaka nenda miaka rudi: jiwe lililojitokeza pale vijito viwili vinapokutana, chini ya daraja, kisiki kilichoinama juu ya maji, kile kinjia kinachokata kona ya mto ili asizunguke na maji. Ni ubao wa matangazo, kama ule wa pale ofisi ya mtendaji: kila apitaye anausoma, na mwenye lake analibandika juu ya la jana.

Nitawaeleza jiwe moja ninalolijua, kwa sababu mkiliona moja mtayaona mengine. Ni jiwe bapa, limesimama juu ya maji kiasi cha kimo cha goti, mahali kijito kinapoingia mtoni. Chini kabisa kuna unga mweupe uliokauka, mabaki ya zamani yaliyopigwa na jua. Juu yake kuna vipande vya kahawia, na juu kabisa, ukibahatika, kitu chenye unyevu, kijani kinachoelekea weusi, hakijapata saa nyingi. Nyasi zilizogusana na jiwe zimeungua kwa mkojo zikawa njano, lakini hatua moja nyuma yake zimenawiri kuliko nyasi zote za ukingo ule. Chukua kijiti, kivunje kile kipande cha kahawia. Kama ni cha yule mkubwa, kitasambaratika vipande vya gamba la kaa, vyekundu na vyeupe, na pengine utaona ncha ya koleo la kaa ikiwa nzima. Kama ni cha yule mdogo, ni chembamba zaidi na ndani yake ni magamba na miiba ya samaki. Ukikuta manyoya ya panya na mabawa ya wadudu kwa wingi, huyo huenda ni nguchiro wa majini, naye hula kaa, kwa hiyo msiharakishe kutoa hukumu. Tazama na nyayo kwenye tope la jirani. Asiye na kucha anaacha vidole vitano vilivyotawanyika, visivyo na alama ya kucha mbele. Harufu yake ni ya samaki iliyochanganyika na majani. Wazungu wengine husema inawakumbusha nyasi zilizokatwa, wengine maua ya yasmini. Mimi sijafika huko, ila kweli haichukizi kama ya mbwa.

Hizo nyasi zilizonawiri si jambo dogo. Huko Alaska, ambako fisi maji wa mito ya Amerika Kaskazini hula baharini na kwenda haja pwani kwenye vyoo vya pamoja, wanasayansi waligundua kwamba rutuba ya bahari imo ndani ya miti iliyo jirani na vyoo hivyo. Samaki wa baharini wameingia kwenye majani ya miti.

Lakini tangazo lenyewe linasema nini? Chini ya mkia fisi maji ana jozi ya tezi, na ute wake unachanganyika na kinyesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, walichambua ute huo kutoka kwa fisi maji waliokutwa wamekufa, wengi wamegongwa na magari, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba harufu inatofautiana kwa umri, kwa jinsia na kwa hali ya uzazi. Kwa hiyo anayenusa jiwe lile ana namna ya kutambua kama aliyepita ni dume au jike, ni mkomavu au kijana.

Kazi ya tangazo ni ipi, hapo wataalamu hawajakubaliana wote. Wapo wanaosema ni mipaka: hapa kwangu, usikanyage. Wapo wanaosema ni uchumba. Yupo Hans Kruuk, Mholanzi, ambaye miaka ya 1960 alikuwa Serengeti na Ngorongoro akichunguza fisi hawa wa nchi kavu, baadaye akahamia Scotland akawachunguza fisi maji, na mwaka 1990 yeye na mwenzake wakaandika kuhusu chakula cha fisi maji wa ziwa letu hili. Mtu aliyeanza na fisi akamalizia na fisi maji! Yeye alisema hivi: kinyesi kinawaambia wengine kwamba bwawa hili limeshavuliwa. Samaki na kaa walioliwa asubuhi hawarudi jioni. Anayefika baadaye akinusa harufu mbichi anajua atapoteza nguvu bure, anasogea mbele. Faida ni ya wote wawili na hakuna aliyepigana.

Mimi maelezo hayo yananiingia akilini kuliko ya mipaka. Kinyesi hakikai mpakani peke yake, kimetapakaa ndani ya eneo lote, hasa karibu na mahali pa kulia na pa kulala. Na kule visiwa vya Shetland, Scotland, Kruuk aliona fisi maji wanaacha kinyesi kwa wingi zaidi majira ya baridi, chakula kinapokuwa kigumu, na kidogo sana kiangazi. Na ndiyo maana mama mwenye vichanga ananyamaza mlangoni kwake: tangazo linasomwa na kila mwenye pua, na dume mgeni naye ana pua.

Kinyesi hicho kimewahi kutumika kufuatilia kupotea na kurudi kwa mnyama huyu katika nchi nzima. Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, fisi maji walianza kupotea mitoni. Chanzo kikubwa kilikuwa viuatilifu vya jamii ya dieldrini, vilivyoanza kutumika kwenye mbegu na kuogeshea kondoo katikati ya miaka hiyo. Sumu ilishuka mtoni, ikaingia kwa samaki, ikajikusanya kwa anayekula samaki. Mwaka 1977 hadi 1979 watu walitembea kingo za mito sehemu mbalimbali za England, karibu maeneo 2,940, kila eneo mita 600, wakitafuta hasa kinyesi. Walikipata kwenye asilimia 5.8 ya maeneo hayo. Sumu ilikuwa ikiondolewa sokoni hatua kwa hatua tangu miaka ya 1960, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1978, na watu wakatembea tena kila baada ya miaka kadhaa kwenye maeneo yale yale. Kufikia mwaka 2010 kinyesi kilikuwa kwenye zaidi ya nusu ya maeneo, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kila kaunti ya England ina dalili za fisi maji. Wengi wa waliofanya kazi hiyo hawakuwahi kumwona mnyama mwenyewe hata mara moja.

Sumu nasi tunaijua. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko la samaki wa ziwa hili kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa thiodani, ile sumu ya wadudu wa shambani, na wazee mnakumbuka hali ilivyokuwa mialoni. Leo bomba la kupulizia nyanya linasuuzwa wapi? Sitaki jibu.

Nimeahidi kuzungumzia nyavu. Ni kweli fisi maji mwenye madoa huvuta samaki kwenye wavu na kuuchana. Akizubaa ananasa naye, na kwa kuwa anapumua hewa kama mimi na wewe, anakufa ndani ya dakika chache. Mvuvi anakuta hasara mbili: wavu umechanika na mzoga umejaa humo. Lakini nyavu nyingi zinazochanwa zimetegwa karibu mno na ufukwe, kwenye matete na midomo ya mito, ambako ndiko anakolala na ndiko yalipo mazalia ya sato. Pale hata sheria ya uvuvi haikuruhusu, na BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, wanajua. Tena si kila tundu ni lake. Kamongo anachana, mamba anachana, kenge naye yumo. Kabla hujalaani, pita ukingoni mkabala na ulipotega. Kama kuna jiwe lenye magamba ya samaki na kinyesi kibichi, umetega mlangoni kwake. Sogeza wavu kwenye maji ya kina, na uuvue mapema alfajiri, kwa sababu huyu mdogo ni mnyama wa mchana, asubuhi ndiyo anaanza kazi. Sisemi hutapoteza wavu tena. Nasema utapoteza chache.

Turudi ukingoni, kwani ndiko kwenye kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Wote mnaijua, na wote tumepita leo asubuhi kwenye bustani za mchicha zilizofika mpaka kwenye maji, na tanuri la matofali lile pale kwenye kona. Afisa mazingira ananitazama, kwa hiyo niseme wazi: sipendekezi sheria ipunguzwe. Ninachosema ni kwamba tukisubiri mita 60 zipatikane kila mahali kwa siku moja hatutaanza kamwe. Tuanzie pale alipoandika mwenyewe. Kila jiwe lenye kinyesi, kila mkuyu wenye mizizi wazi, kila mdomo wa kijito, pale pasiguswe kuanzia leo. Pasilimwe, pasichomwe moto, pasichimbwe mchanga. Mama mwenye bustani ya jirani asifukuzwe, aonyeshwe mpaka. Matete yakiachwa msimu mmoja wa mvua yanarudi yenyewe. Mkuyu hauwezi, kwa hiyo mkuyu uwe wa kwanza.

Na msidhani huyu mnyama anataka pori tupu. Kwenye rasi ya Cape Town, Afrika Kusini, asiye na kucha anaishi kwenye mito inayopita katikati ya makazi ya watu, ilimradi matete yapo. Singapore walisafisha mto wao wa mjini kati ya mwaka 1977 na 1987, na leo fisi maji wa aina nyingine wanalala chini ya madaraja na kwenye mifereji, watu wakipita juu na mifuko ya sokoni. Sisi tuna mto wenye mawe na mikuyu, na tunawapoteza. Hapo ndipo ninapopata uchungu.

Jumuiya yenu ina haki ya kusimamia jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ndiyo iliyowapa nguvu ya kuundwa. Ninapendekeza muwateue vijana wachache, wawili wawili, mchana, kwa sababu ya viboko na mamba, wapite mita 600 za ukingo kuanzia darajani, kisha waandike: wapi kinyesi kipo, kibichi au kikavu, kaa au samaki. Wapite wiki kadhaa baada ya mvua kubwa, si kesho yake, maana mvua inasomba kila kitu. Na tafadhali, wasije wakaniambia wamekuta vinyesi kumi kwa hiyo kuna fisi maji kumi. Kruuk na wenzake walilichunguza hilo Shetland wakakuta wingi wa kinyesi hauendi sambamba na wingi wa wanyama. Mmoja mwenye mambo mengi ya kusema anaweza kuchafua mawe yote. Kinyesi kinakwambia yupo na anakula nini. Kule Ewaso Ng'iro, Kenya, ni kwa kinyesi ndiyo ilijulikana kwamba fisi maji wameanza kula kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, ambao hawakuwepo zamani. Idadi ni hesabu nyingine, inataka vifaa vingine. Na jiwe likiwa tupu miezi miwili, msiseme amehama. Rudini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Karibuni kwa maswali.

Mama mmoja aliuliza kama kinyesi hicho hakiwezi kuwaletea magonjwa watoto wanaochota maji pale pale. Nilimjibu kwamba kinyesi cha mnyama yeyote kisishikwe kwa mkono mtupu, ndiyo maana nilisema kijiti. Ila fisi maji huweka chake juu ya jiwe, mbali na maji yanapofika, na ni kidogo sana. Kinachowafanya watoto waugue mtoni ni kinyesi chetu na cha mifugo, na kichocho wanachokipata wakisimama majini. Maji yachemshwe, awepo fisi maji au asiwepo.

Kijana wa mwisho alitaka kujua: akikuta shimo chini ya mizizi, atajuaje ni la kenge au la fisi maji? Tazama mlango, nikamwambia. Kenge anaburuza mkia, utaona mstari katikati ya nyayo na kucha ndefu pande zote mbili. Kwa fisi maji mlango mara nyingi ni laini kwa kupitwa, na karibu yake kuna kinyesi au mchanga ulioparurwa. Kama unaona nyayo zake zinaingia na kutoka lakini mlangoni hapana kinyesi hata kidogo, na ni msimu ule ule umeona hivyo zaidi ya mara moja, hapo huenda pana mama na watoto. Usiingize mkono, usizibe, usiwashe moshi ili umwone. Geuza, uandike mahali palipo, umpe mwenyekiti wa jumuiya peke yake, na usimwambie mtu yeyote mwenye mbwa.